Wanaga walikuwa wakikata vichwa kweli? Jibu kwa msomaji wa Nakuru

Msomaji wa Nakuru ameniuliza hivi: "Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma mwaka 1944. Alikuwa akitusimulia habari za watu wa milimani walioitwa Wanaga, kwamba zamani walikuwa wakikata vichwa vya watu, lakini katika vita ndio waliowaonyesha askari njia na kuwabeba majeruhi. Ni kweli? Hili ni kabila gani, lina nchi yake, na desturi hiyo iliisha vipi?"

Ndugu yangu, babu yako alisema kweli kwa yote mawili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipokea kazi ya kuwafukuza Wajapani kuanzia Tamu, mpakani mwa Manipur na Burma, Agosti 1944. Wakashuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria mpaka wakafika Kalewa mwezi Desemba. Ukanda wa milima unaotoka huko kwenda kaskazini ndio nchi ya Wanaga. Na vichwa vilikatwa, hilo halina ubishi. Lakini sifa hiyo moja imewafunika watu hawa tangu enzi za Malkia Victoria, na nisingependa ubaki nayo peke yake. Anayetaka kuwaelewa Wanaga, pamoja na habari ya vichwa, aanzie kwenye kijiji. Kijiji ndicho kilichokuwa nchi yao.

Wengi wao wako katika jimbo la Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India, ambalo kwa sensa ya 2011 lilikuwa na watu karibu milioni 2. Wengine wako Manipur, Arunachal Pradesh na Assam, na ng'ambo ya mpaka, Myanmar, wako katika mkoa wa Sagaing, maeneo ya Lahe, Leshi na Nanyun. Mpaka wenyewe uliwekwa na wengine. Katika kijiji cha Longwa, kwa Wakonyak, unakatiza nyumba ya chifu, upande mmoja India, upande wa pili Myanmar, na himaya ya chifu huyo tangu zamani ina vijiji vya pande zote mbili.

Wala si kabila moja. Kuna Waangami, Waao, Wakonyak, Wasumi, Walotha, Warengma, Wachang, Waphom, Wasangtam, Wachakhesang, Watangkhul, Wazeliang na wengine wengi. Lugha zao zote zimo katika jamii ya Kitibeti na Kiburma, lakini Mwangami na Mkonyak kila mmoja akisema lugha ya kwao hawaelewani hata kidogo. Sokoni wanasikilizana kwa Kinagamese, lugha ya mchanganyiko iliyokulia juu ya Kiassam, na ofisini ni Kiingereza. Hata namna ya kutawaliwa ilitofautiana. Wakonyak walikuwa na machifu wa kurithi, waitwao angh, na wakubwa miongoni mwao walipokea ushuru wa vijiji vya chini yao. Kwa Wasumi, mtoto wa chifu aliweza kuondoka na wafuasi wake akaanzisha kijiji kipya, naye akawa chifu wake. Waao walitawaliwa na baraza la wazee lililopokezana madaraka kwa rika. Waangami hawakutaka mtawala wa kurithi: kila mwanamume mtu mzima alikuwa na sauti, na mwenye nguvu alikuwa yule aliyesikilizwa.

Kilichowafananisha wote ni jinsi walivyojenga. Kijiji kilikaa kwenye mgongo wa mlima, si bondeni penye maji, kwa sababu adui huonekana mapema kutoka juu. Kilizungushiwa ukuta wa mawe au boma la miti, mitaro na vijiti vilivyochongwa ncha, na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, ikiishia kwenye lango zito la mbao. Maji na mashamba vilikuwa chini. Hebu fikiria mwanamke anayeshuka asubuhi na kapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, kisha jioni anaupanda mteremko uleule na kuni au mpunga. Ulinzi wa kijiji ulilipiwa kila siku kwa miguu ya wanawake, na waandishi wa zamani walilipita jambo hili haraka mno. Katika vijiji vikubwa vya Waangami, mitaa yenyewe ilitengana kwa kuta, maana ugomvi wa damu uliweza kuzuka hata kati ya ukoo na ukoo ndani ya lango moja.

Mlangoni au mahali pa juu ndipo lilipokuwa bweni la vijana, ambalo vitabu vingi huliita morung na Waao huliita ariju. Mvulana alipokaribia balehe alihama kwa mama yake akaenda kulala huko. Alianza kwa kuwatumikia wakubwa, kuchota maji na kuleta kuni, na usiku akasikiliza: nyimbo, nasaba za koo, mipaka ya mashamba, nani anamdai nani damu. Watu hawa hawakuwa na maandishi, kwa hiyo bweni lilikuwa shule, kambi ya ulinzi na nyumba ya kumbukumbu kwa pamoja. Kwa Waao, Wakonyak na majirani zao, bweni lilikwenda pamoja na ngoma kubwa, gogo la mti mmoja lililochimbwa ndani, refu la kutosha vijana wengi kulipiga kwa pamoja. Kulivuta gogo hilo kutoka msituni ilikuwa kazi ya kijiji kizima, na mapigo yake yalitofautiana: moto, adui, kifo cha mkubwa, au kichwa kimeletwa.

Sasa tufike hapo ulipouliza. Kwa nini vichwa? Kwa imani ya wengi wao, kichwani mna nguvu ya uhai, na nguvu hiyo ikiletwa kijijini hurutubisha mazao, mifugo na uzazi wa watu. Hilo ni moja. La pili ni heshima. Kijana aliyeshiriki kuleta kichwa ndiye aliyeruhusiwa kuvaa mapambo fulani, na kwa Wakonyak ndiye aliyechanjwa michoro usoni. Asiyekuwa nayo alichekwa na wasichana. La tatu ni kisasi, kwa kuwa kila kichwa kilichoondoka kilikuwa deni, na deni hilo lilirithiwa. Vita vya kukutana uwanjani vilikuwa vichache. Mara nyingi ilikuwa kuvizia njiani au shambani, na kichwa cha mwanamke au mtoto nacho kilihesabika. Sitaki kulipamba jambo hili. Watu waliishi kwa hofu, wakalima huku wengine wakishika mikuki kuwalinda.

Lakini hofu hiyo ilikuwa na mipaka yake. Vijiji vilifanya biashara ya chumvi, pamba na vyuma, vilioleana, viliapiana amani na kuwa na wajumbe ambao hawakuguswa. Wafalme wa Waahom, walioingia Assam kuanzia karne ya 13, walijifunza kuishi nao: wakati mwingine walipigana, wakati mwingine waliwapa vijiji vya milimani mashamba na maeneo ya kuvua samaki chini tambarare ili washuke kwa amani. Kwa hiyo usiwachukulie kama watu waliofungiwa msituni wakimsubiri Mzungu awavumbue.

Na kulikuwa na njia nyingine ya kupata heshima, isiyomwaga damu ya mtu. Mtu aliyejaliwa mavuno na ng'ombe hakusifiwa kwa kuvilimbikiza. Alisifiwa kwa kuvimaliza. Alitoa karamu kwa kijiji kizima, kisha nyingine kubwa zaidi, kwa ngazi zilizojulikana, akichinja nguruwe, ng'ombe na hatimaye mithun, yule mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe anayeachwa ajilishe msituni. Kwa Waangami, karamu za juu zilikuwa na kuvuta jiwe. Wanaume walivaa mavazi yao yote ya sherehe, jiwe kubwa likafungwa kwenye chombo cha mbao cha kukokotwa kisicho na magurudumu, nao wakalivuta kwa kamba za mitambaazi huku wakiimba mpaka mahali pa kulisimamisha, na pombe ya mchele ikinywewa na wote. Mke wa mwenye karamu alishiriki miiko na heshima ileile, kwa kuwa bila ghala lake na mikono yake karamu isingekuwapo. Mwishowe mwenyewe alibaki na mali kidogo, lakini nyumba yake ilipata haki ya kuwekewa pembe za mbao kwenye paa, na mawe yale bado yamesimama kando ya njia za vijiji. Mimi naona hapa ndipo palipo na kiini cha utamaduni wa Wanaga kuliko kwenye mafuvu. Ukarimu ulikuwa ndio ngazi ya cheo, na mali ya mmoja ilirudi matumboni mwa wengi.

Shuka zao zilisema yote hayo bila maneno. Mwanamke hufuma akiwa amekaa chini, mtande umefungwa ukutani upande mmoja na upande wa pili kwenye mkanda unaopita nyuma ya kiuno chake; akiegemea nyuma nyuzi hukaza, akijongea mbele hulegea. Vipande huwa vyembamba, kisha huunganishwa kwa sindano. Chukua shuka ya Waao iitwayo tsüngkotepsü. Uwanja wake ni mistari myekundu na myeusi, na katikati umepita mkanda mweupe. Mkanda huo haufumwi michoro, huchorwa, na wachoraji walikuwa wanaume, kwa wino mweusi wa utomvu wa mti uliochanganywa na pombe ya mchele. Utaona mithun, alama ya karamu. Ndovu na chui milia, alama za uwindaji. Jogoo, jua, mwezi. Na vichwa vya watu. Zamani ungeivaa bila kustahili ungejiletea aibu na adhabu. Siku hizi huvaliwa harusini na kanisani, na si ajabu kuiona begani mwa mwanasiasa mgeni aliyekuja kuomba kura.

Waingereza waliingia kupitia biashara zao za tambarare. Baada ya Mkataba wa Yandabo wa 1826, uliomaliza vita vyao na Burma, waliichukua Assam, na mwaka 1832 maofisa wawili, Jenkins na Pemberton, wakakatiza milima wakitokea Manipur kutafuta njia. Mashamba ya chai yalipoanza kusogea kwenye miguu ya milima, uvamizi wa vijiji ukawa hasara kwa makampuni, na ndipo serikali ilipopata sababu ya kupanda. Wilaya ya Milima ya Naga iliundwa mwaka 1866, makao yakahamishiwa Kohima 1878. Mwaka uliofuata, Oktoba, ofisa wa kisiasa Guy Damant alikwenda Khonoma, kijiji cha Waangami, akapigwa risasi akafa mbele ya lango. Waangami wakaizingira Kohima yenyewe kwa siku kadhaa mpaka jeshi la Manipur likaja kuiokoa. Waingereza walipoichukua Khonoma, wapiganaji walipanda ngome ya juu zaidi wakakaa huko majira yote ya baridi, na Januari 1880 kundi lao likatoka kwa siri likaenda mpaka shamba la chai la Baladhan, mbali kusini huko Cachar, likamuua meneja na vibarua. Amani ilifanywa Machi. Kijiji kimoja kilikuwa kimeishughulisha himaya kwa miezi mitano.

Utawala ulipiga marufuku kukata vichwa katika maeneo uliyoyashika, na adhabu yake mara nyingi ilikuwa kukichoma moto kijiji kizima. Mashariki zaidi, nje ya mstari wa utawala, desturi iliendelea. Mwaka 1936 ofisa J. P. Mills bado alikuwa akiongoza msafara wa kuiadhibu na kuiteketeza Pangsha, kijiji cha Wakhiamniungan, kwa ajili ya uvamizi na kuteka watumwa. Bunduki peke yake haikutosha.

Kilichobadili mambo kwa kina kilitoka kwingine. Mwaka 1872 mmisionari Mbaptisti wa Marekani, Edward Clark, alipanda kijiji cha Waao cha Molungkimong, bila ulinzi wa jeshi. Mtangulizi wake alikuwa Mwassam, Godhula, aliyekwisha kukaa kijijini humo, akafungiwa kwanza kwa kudhaniwa jasusi, na akawavuta watu kwa nyimbo. Clark alikuwa mpiga chapa. Aliiandika lugha ya Kiao kwa herufi za Kirumi, akachagua lahaja ya Chungli, na mpaka leo Chungli ndiyo inayosomwa makanisani hata na wale wa lahaja ya Mongsen. Imani ilienea polepole, kisha kwa kasi kubwa baada ya vita vya pili. Kufikia 2011, karibu watu 88 katika kila 100 Nagaland walikuwa Wakristo. Kulipa kisasi kukawa dhambi, na deni la damu likapata mahali pa kufutwa. Hiyo ni neema kubwa, nami naisema wazi. Lakini pamoja na vichwa, wamisionari walikataza pombe ya mchele, karamu za heshima, bweni na hata baadhi ya nyimbo. Shule ilichukua nafasi ya bweni, na kizazi kimoja kikakua bila kusimuliwa nasaba zake.

Je, jina "Wanaga" lilipata lini uzito wa taifa? Jibu linaanzia Ufaransa. Mwaka 1917 Waingereza walipeleka vibarua Wanaga karibu 2,000 kwenye medani za huko, kama walivyowasomba babu zetu kwenye Carrier Corps. Msumi, Mlotha na Mwangami, ambao nyumbani wangekwepana, wakajikuta wanachimba mitaro pamoja mbele ya wageni ambao hawakuwatofautisha. Mwaka 1918 baadhi yao waliorudi, pamoja na watumishi wa serikali, walianzisha Naga Club. Tarehe 10 Januari 1929 klabu hiyo ikaiandikia Tume ya Simon, tume ya Waingereza iliyochunguza utawala wa India, waraka mfupi: Waingereza wakiondoka, tuachwe tujiamulie wenyewe kama zamani. Kwenye milima ya Wazeliangrong, yaani Wazeliang na ndugu zao, moto ulikuwa mwingine. Jadonang alihubiri dini iliyofanyiwa matengenezo na utawala wa wenyeji, akanyongwa na Waingereza 1931. Binamu yake Gaidinliu akaendeleza mapambano, akakamatwa 1932 akiwa bado kijana, akakaa gerezani mpaka 1947.

Kisha ikaja vita ya babu yako. Aprili 1944 divisheni ya 31 ya Japani, watu kama 15,000, iliivamia Kohima iliyokuwa na walinzi wachache. Mapigano yalifikia kugombea uwanja wa tenisi wa mkuu wa wilaya, askari wakirushiana mabomu ya mkono kutoka upande huu hadi ule. Wanaga waliongoza doria, walileta habari za adui, walibeba risasi kupanda na majeruhi kushuka. Mji ulibaki vifusi. Leo, mahali palepale, kuna makaburi ya kijeshi 1,420, na waliouonyesha mlima huo kwa majeshi yote mawili walipoteza nyumba na ghala zao.

Swali lako la nchi ndilo gumu, kwa sababu bado halijafungwa. Tarehe 14 Agosti 1947, siku moja kabla ya India, baraza la Wanaga lilijitangazia uhuru. Angami Zapu Phizo, mtu wa Khonoma, aliongoza kura ya maoni iliyoanza Mei 1951, ambayo waandaaji walisema karibu wote walitaka kujitegemea. India ilikataa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 kulikuwa na vita kamili. Vijiji vilichomwa na watu wakakusanywa makambini, na sheria ya 1958 ikalipa jeshi mamlaka makubwa ya kupiga risasi na kukamata. Wanaga wengine walichagua kuzungumza, na Desemba 1963 jimbo la Nagaland likazaliwa, na ulinzi wa kikatiba kwa mila na ardhi yao. Phizo alifia London 1990. Mkataba wa Shillong wa 1975, kati ya serikali ya India na baadhi ya wapiganaji, uliwagawa, kundi jipya la wapiganaji, NSCN, likaundwa 1980, nalo likapasuka 1988, na Wanaga wakauana wao kwa wao. Risasi zimepungua tangu usitishaji mapigano wa 1997, na makubaliano ya mfumo kati ya India na tawi moja la NSCN yalitiwa saini Agosti 2015, lakini mkataba wa mwisho haujafika. Bendera na katiba ni miongoni mwa vikwazo. Desemba 2021, huko Oting wilaya ya Mon, kwa Wakonyak, wanajeshi waliwapiga risasi wachimba makaa wakirudi nyumbani, na raia 14 wakafa katika mkasa ule. Anayedhani mambo yameisha awaulize Wakonyak.

Kijiji bado kina nguvu, kwa wema na kwa ubaya. Baraza la kijiji na mila ya koo ndivyo vinavyoamua ardhi, na ardhi ya ukoo harithi binti. Wanawake waliingia bungeni Kohima kwa kuchaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 tu, Hekani Jakhalu na Salhoutuonuo Kruse, miaka 60 baada ya jimbo kuundwa. Kwa upande mwingine, tazama Pangti, kijiji cha Walotha. Kila Oktoba na Novemba ndege waitwao kozi wa Amur hutua hapo kwa malaki wakitoka Siberia, kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi na kupita anga ya Kenya na Tanzania kwenda kusini mwa Afrika. Mwaka 2012 walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kwa maelfu. Wazee, kanisa na wategaji wa nyavu walikaa pamoja, vijiji vikapitisha amri, na msimu wa 2013 hakunaswa hata mmoja. Serikali ilisaidia, lakini amri iliyotiiwa ilikuwa ya kijiji.

Na vichwa? Mafuvu mengi yaliyokusanywa na maofisa wa kikoloni yako Ulaya. Jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, lina mabaki ya Wanaga zaidi ya 200. Liliyaondoa kwenye maonyesho mwaka 2020. Oktoba 2024 fuvu la Mnaga lenye pembe lilitangazwa kwenye mnada Uingereza, likaondolewa baada ya viongozi wao kupinga. Sasa Wanaga wenyewe wanayadai mabaki hayo, na watafiti wao wanazunguka vijijini kuuliza yatapokelewaje: yazikwe na mchungaji au kwa ibada za zamani, katika ardhi ya kijiji kilichokatiwa watu wake au kilichokata, na ni ukoo upi utasimama kaburini. Mazungumzo hayo yanaendeshwa kwa lugha zao, kijiji baada ya kijiji.